Effective, efficient, efficacious au effectual: uandike lipi, na lini

Kamusi nyingi za Kiingereza na Kiswahili huyapa maneno haya tafsiri zinazokaribiana mno: -enye ufanisi, -a kufaa, -enye kuleta matokeo. Anayesoma hadhuriki sana, kwa kuwa muktadha humwokoa. Anayekwama ni mwandishi: mwanafunzi wa famasia anayeandika tasnifu, ofisa wa mradi anayemwandikia mfadhili taarifa, mhitimu anayejaza wasifu wa kuombea kazi. Akichukua "ufanisi" kichwani na kulitafutia Kiingereza chake, anakutana na milango minne, na mitatu kati ya hiyo si yake.

Kwa mwenye haraka, kila neno lina swali lake. "Effective" hujibu: je, matokeo yaliyokusudiwa yamepatikana? "Efficient" hujibu: yamepatikana kwa kutumia mafuta kiasi gani, muda gani, fedha ngapi? "Efficacious" hujibu: je, kitu chenyewe, hasa dawa au tiba, kina uwezo ndani yake wa kuleta matokeo hayo? "Effectual" ni neno la kizee lililobaki kwenye sheria na Biblia za zamani. Ukisitasita, andika "effective". Mara nyingi litapita. "Efficacious" likikaa pasipo pake, msomaji analiona palepale.

Yote manne yanatoka katika kitenzi kimoja cha Kilatini, efficere, yaani kufanya mpaka kitu kikamilike. Ndiyo sababu yanafanana sura. Ila kufahamu asili hiyo hakukusaidii kuchagua, kwa hiyo tuiache.

Effective na efficient: pampu moja, hukumu mbili

Chukua kisima cha kijiji kinachotakiwa kutoa mita za ujazo 10 za maji kwa saa, yapande mita 20 hadi kwenye tangi. Kwa hesabu ya fizikia, kupandisha maji hayo kunahitaji wati 545 hivi. Sasa mota inavuta wati 1,100 kutoka kwenye umeme. Nusu ya nishati imepotea njiani: joto la mota, msuguano ndani ya bomba, mapanga ya pampu yaliyolika kwa mchanga. Hata hivyo tangi linajaa na watu wanachota. Mwandishi ana haki ya kuandika "The pump is effective". Hana haki ya kuandika "The pump is efficient", maana bili ya umeme itamkana.

Geuza upande. Pampu ndogo ya sola inageuza asilimia 60 ya umeme wake kuwa maji yaliyopanda, lakini inatoa mita za ujazo 3 tu kwa saa, na foleni ya ndoo haipungui. Hiyo ni "efficient but not effective". Haipotezi kitu, na bado haikidhi haja.

Hapa ndipo penye kipimo cha kushika: "efficient" hudai namba mbili, kilichoingia na kilichotoka. Kama huwezi kusema ni nini hasa kinachookolewa (dizeli, saa za kazi, karatasi, maji), neno hilo halina kazi katika sentensi yako. Jiko banifu ni "fuel-efficient stove" kwa sababu unaweza kupima kuni kabla na baada. Lakini "an efficient awareness campaign" linamwacha msomaji akijiuliza: kampeni iliokoa nini? Mwandishi alikusudia kusema kwamba watu walielewa na kubadilika, na hiyo ni "effective".

Kwenye taarifa za miradi kuna jozi inayoponza wengi zaidi: "cost-efficient" na "cost-effective". Ukigawa gharama zote kwa idadi ya vyandarua vilivyogawiwa, umepata gharama ya kila chandarua. Ikiwa ndogo, mradi ni "cost-efficient". Ukigawa gharama zilezile kwa idadi ya wagonjwa wa malaria walioepushwa, hapo ndipo unapozungumzia "cost-effective". Mradi unaweza kugawa vyandarua kwa bei ya chini kabisa, kisha vikaishia kufunikia bustani za mchicha. Mfadhili aliyesomea uchumi wa afya hutofautisha maneno hayo mawili kwa makini, na akikuta umeyachanganya ataanza kutilia shaka hata majedwali yako.

Efficacious: neno la duka la dawa

Kiswahili kina neno linalolikaribia hili sana, ila waandishi wa kisasa wanalisahau: mujarabu. Dawa mujarabu ni ile iliyojaribiwa ikaonekana inatibu. Tazama linavyotumika: dawa mujarabu, dua mujarabu, hirizi mujarabu kwa wanaoamini hirizi. Hakuna anayesema mwalimu mujarabu, wala basi mujarabu. "Efficacious" lina mipaka hiyohiyo. Linasifu njia, tiba au kitu kinachotenda, si mtu wala shirika. "An efficacious remedy" ni sawa. "An efficacious doctor" ni kosa hata kama daktari huyo anaponya kila anayemgusa. Tofauti ndogo iliyopo ni kwamba mujarabu limebeba jaribio ndani yake, kama ndugu yake "jaribu", ilhali "efficacious" husema uwezo upo bila kulazimika kutaja nani aliupima.

Katika utafiti wa tiba, hata hivyo, kipimo ni lazima, na hapo ndipo tofauti ya "efficacious" na "effective" inapokuwa kali. "Efficacy" ni uwezo wa dawa unaoonekana katika mazingira yaliyodhibitiwa. "Effectiveness" ni matokeo ya dawa hiyohiyo ikishafika mikononi mwa watu wa kawaida.

Mfano ulio karibu ni dawa ya mseto ya malaria, artemether-lumefantrine, ile ALu ya Tanzania. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24: vinne kwa kila mara, mara sita katika siku tatu. Dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ile ya kwanza, kisha zinazobaki asubuhi na jioni. Lumefantrine hufyonzwa vibaya tumbo likiwa tupu. Inataka mafuta kidogo, kama maziwa au chakula chenye mafuta. Katika jaribio la kupima uwezo wa dawa, muuguzi anamwona mgonjwa akimeza, akitapika mapema anarudishiwa dozi, na damu yake inapimwa tena na tena hadi siku ya 28. Dawa ikifaulu humo, unaandika "The drug is efficacious".

Nyumbani mambo ni mengine. Homa inashuka siku ya pili, mgonjwa anaweka vidonge vilivyobaki kabatini kwa ajili ya homa ijayo. Mwingine anameza kwa chai ya rangi bila kula. Mwingine anagawana na mtoto. Vimelea vinabaki, homa inarudi. Vidonge ni vilevile, uwezo wake ni uleule, lakini tiba haikuleta tija: "The drug is efficacious, but treatment was not effective". Sentensi hiyo haijipingi, ingawa ukiitafsiri kwa neno "ufanisi" mara mbili itaonekana kama upuuzi.

Ongeza neno la tatu kwa dawa hiyohiyo. Zahanati inayompa mseto kila mwenye homa bila kumpima kwa kipimo cha haraka inatibu wenye malaria vizuri, ila inamaliza akiba kwa watu wenye mafua. Hiyo ni "inefficient use of the drug". Dawa haijaguswa na lawama. Utaratibu ndio uliolaumiwa.

Kinyume chake ni klorokwini. Hapo tatizo halikuwa wagonjwa kuacha dozi pekee. Vimelea vyenyewe vilijenga usugu, na dawa ikapoteza uwezo hata kwa aliyemeza kila kidonge. Kenya iliiondoa kama tiba ya kwanza mwaka 1998, Tanzania Bara mwaka 2001. Unaweza kuandika "no longer efficacious" au "no longer effective", yote mawili ni kweli. La kwanza lina uzito zaidi kwa sababu linasema uwezo wenyewe umekufa. "Inefficient" hapo lingekuwa kosa tupu.

Chanjo nazo zina mtego wake wa hesabu. Chukua watoto 1,000 wasiochanjwa, 100 wakaugua. Na 1,000 waliochanjwa, 40 wakaugua. Uwezo wa chanjo ni 100 kutoa 40, gawanya kwa 100, yaani asilimia 60. Wengi husoma "60% efficacy" wakadhani watoto 40 kati ya kila 100 waliochanjwa wataugua. Sivyo: katika mfano huu waliougua ni 4 kati ya 100. Asilimia 60 ni punguzo ukilinganisha na wasiochanjwa, na mwandishi asiyefafanua hilo anapotosha bila kukusudia. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa katika nchi saba za Afrika, zikiwemo Tanzania huko Bagamoyo na Korogwe, na Kenya katika maeneo kama Kilifi na Siaya. Kwa watoto waliopewa dozi nne kuanzia umri wa miezi 5 hadi 17, matukio ya malaria yalipungua kwa takribani asilimia 36 katika ufuatiliaji wa karibu miaka minne. Hiyo ni "efficacy". Chanjo ilipoanza kutolewa kwenye kliniki za kawaida za Kenya, Ghana na Malawi mwaka 2019, kilichokuwa kinapimwa ni jambo jingine: je, mama atamrudisha mtoto kwa dozi ya nne, muda mrefu baada ya zile tatu za mwanzo? Hapo neno ni "effectiveness".

Jambo la ajabu kidogo: nomino "efficacy" ni ya kawaida, unaikuta hadi magazetini, lakini kivumishi "efficacious" ni kizito na adimu. Kwa hiyo sentensi nzuri ya kawaida hupanga hivi: "The trial measured the vaccine's efficacy and found it highly effective." Usijihisi umelazimika kuoanisha. Na katika mazungumzo, kusema "This soap is efficacious against stains" kutachekesha watu, kama kumwambia muuza genge kwamba nyanya zake ni adhimu.

Nje ya tiba, neno hili limebaki kanisani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika Kiingereza chake, huziita sakramenti "efficacious signs of grace": ishara zinazotenda kile zinachokiashiria. Hapo huwezi kuweka "efficient", wala "effective" halitoshi. Mafundi umeme nao wana "luminous efficacy", lumeni (kipimo cha mwanga) kwa kila wati. Balbu ya zamani ya wati 60 hutoa lumeni 700 hadi 800. Ya LED ya wati 9 hutoa karibu kiasi hichohicho. Wameepuka "efficiency" kwa sababu hiyo huandikwa kwa asilimia, kitu kugawanywa kwa kitu cha aina yake, na lumeni na wati ni vipimo tofauti. Hata wao hawasemi "efficacious bulb", husema "high-efficacy".

Ukimsifu mtu

Kwa watu chaguo ni mawili tu. "An efficient secretary" anamaliza barua mapema, jalada halipotei, humsikii akiomba muda wa ziada. "An effective teacher" ana wanafunzi waliojua hesabu mwisho wa mwaka, hata kama alitumia Jumamosi zake zote. Ukimwita mwalimu "efficient", unasifu alivyomaliza silabasi kwa wakati, na anayesoma kwa makini atajiuliza kama wanafunzi waliambulia chochote. Msemaji ni "effective speaker". Karani wa ghala ni "efficient". Meneja anataka yote mawili, lakini kwenye wasifu yaweke na ushahidi: kwa "efficient" taja muda au gharama uliyopunguza, kwa "effective" taja kilichobadilika.

Kosa moja la wasifu linastahili kutajwa peke yake: "I am efficient in English and Excel". Aliyeandika alimaanisha anavimudu, na neno lake ni "proficient". Halihusiani na haya manne, ila kwa mlio.

Kazi nyingine za effective

Neno hili lina vibarua ambavyo wenzake hawana, na huko ndiko tafsiri za mashine na za haraka huharibika.

Kwenye barua na mikataba, "effective 1 July" humaanisha kuanza kutumika tarehe 1 Julai. "The new fares are effective immediately" hakuna anayedai nauli ni nzuri. Zinaanza sasa hivi. "Effective date" ni tarehe ya kuanza kutumika.

Kwenye fedha, "effective rate" ni kiwango halisi. Mkopo wa asilimia 2 kwa mwezi, riba ikilimbikizwa juu ya riba, hauishii asilimia 24 kwa mwaka bali 26.8, na hiyo ya pili ndiyo "effective annual rate". Ukitafsiri "riba yenye ufanisi", mkopaji hatakuelewa, na pengine ni heri asikuelewe.

Kielezi "effectively" nacho kina sura mbili. "She managed the clinic effectively" ni kuisimamia vizuri. "The clinic is effectively closed" ni kwamba haijatangazwa kufungwa, ila kwa hali ilivyo imefungwa. Sura hii ya pili tafsiri kwa "kwa hali halisi" au "ni kama". "Efficiently" haina maana hiyo hata kidogo.

Effectual, na hasi zake

Biblia ya Kiingereza ya King James, ya mwaka 1611, ina "the effectual fervent prayer of a righteous man" katika Yakobo 5:16. Biblia ya Kiswahili ya Union inasema "Kuomba kwake mwenye haki kwafaa sana, akiomba kwa bidii", haikuona haja ya kulitafutia "effectual" neno la pekee. Nawe fanya vivyo hivyo: usiliandike isipokuwa kwenye hati ya kisheria, ambako "valid and effectual" humaanisha ina nguvu ya kisheria.

Hasi yake ndiyo hai. "Ineffectual" humwelezea mtu dhaifu asiyeweza kusukuma jambo: "an ineffectual chairman" ni mwenyekiti anayegonga meza na kikao kinaendelea kupiga kelele. Linachoma kuliko "ineffective", ambalo linasema tu kwamba matokeo hayakupatikana. "Inefficient" ni la taratibu na mashine zinazopoteza. "Inefficacious" lipo kamusini, lakini watafiti wengi huandika "showed no efficacy" wakaendelea na safari.

Tahajia, matamshi, viambishi

Yote manne yana f mbili. "Efficient" huandikwa c-i-e, ikivunja ile kanuni ya shuleni kwamba baada ya c huja e kwanza. Matamshi, kwa herufi zetu na mkazo ukionyeshwa kwa herufi kubwa: i-FEK-tiv, i-FI-shent, i-FEK-chu-al, e-fi-KEI-shas. Nomino "efficacy" hukaza mwanzo, E-fi-ka-si, na wengi huikosea kwa kuiga kivumishi chake.

Angalia pia "affective". Ni la hisia na hali ya moyo, kama katika saikolojia. Herufi moja ikiteleza, "effective disorder" inakuwa ugonjwa unaofanya kazi barabara.

Kihusishi kinachofuata: "effective against malaria", "effective in reducing fever", "efficient at sorting mail", "efficient in its use of water", "efficacious against worms". Sisi Waswahili hupenda kuandika "effective to reduce", kwa kufuata "-a kupunguza". Ligeuze liwe "effective in reducing".

Ukirudi kwenye Kiswahili

Hati ikiwa na neno moja tu kati ya haya, "ufanisi" linatosha. Yakikutana mawili katika aya moja, ligawe. Kwa "effective" andika kilichofikiwa: imeleta matokeo yaliyokusudiwa, imefanikiwa kupunguza. Kwa "efficient" taja kisichopotea: matumizi bora ya nishati, kwa gharama nafuu, banifu pale inapohusu jiko. Kwa "efficacious" andika uwezo wa kutibu, uwezo wa kukinga, au mujarabu ikiwa lugha ya hati inaruhusu.

Sehemu moja hutaweza kugawa kirahisi. "Performance audit" nchini Tanzania huitwa ukaguzi wa ufanisi, na ukaguzi huo kwa kanuni za kimataifa hupima mambo matatu: "economy", "efficiency" na "effectiveness". Jina zima limeshachukua neno ambalo ungelihitaji kwa sehemu zake mbili. Ukitafsiri ripoti ya aina hiyo, acha jina la ukaguzi lilivyo, kisha fafanua vipengele vyake kwa maneno kamili mara ya kwanza vinapotajwa: kununua kwa bei nafuu, kutumia rasilimali bila kupoteza, na kufikia malengo. Weka ufafanuzi huo kwenye ukurasa wa istilahi na uutumie bila kubadilisha mpaka mwisho wa ripoti.